Jina Lililo Mstari wa Nne

Miyuji, Dodoma
7 Machi 2004

Mwanangu Cornel,

Marahaba kwa ile shikamoo uliyoituma kwa mdomo wa kondakta. Aliifikisha huku anatafuna muwa, lakini nimeipokea yote. Sisi wazima. Mvua ilikuja Februari ikakaa siku tatu, ikaondoka bila kuaga. Uwele umesimama, mahindi ndiyo hayo. Dada yako Violeth anakohoa kidogo kwa vumbi, nimempa asali, anasema nimezidisha. Baba yako mdogo Nikodemo alitoka Zuzu kuja kutusalimia. Alikula, akauliza habari zako mara tatu. Nikamwambia Cornel yuko Dar, yuko kazini. Akasema, "Kazi gani hiyo isiyo na Krismasi miaka mitatu?" Nikamwongeza mlenda ili anyamaze.

Sasa habari ya kompyuta. Ile mashine uliyotuletea watu wameijua. Kazi kubwa siku hizi ni barua za posa. Watu hawataki tena za kuandika kwa mkono, wakwe wamekuwa na macho ya kuchagua, wanataka iliyochapwa yenye maua pembeni. Violeth ana barua moja tu, anabadilisha majina. Miyuji nzima inaoa kutoka sebuleni kwangu, mwanangu. Wote wanaoa.

Printa yako ilikufa. Jirani yetu Kefa, yule karani, ametuwekea nyingine ya mtumba. Alibonyeza huku na huku nusu saa, ikachapa. Anasema kompyuta kwake ni kitu kidogo. Nimeona nikuambie ujue.

Mwaka huu umefikisha miaka thelathini na mbili. Sisemi kitu. Nimetaja umri tu.

Ukiona mwandiko wangu umekuwa mkubwa ni kwa ajili ya kalamu mpya, haishikiki vizuri.

Mimi mama yako,
Generosa


Dar es Salaam
28 Machi 2004

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nafanya kazi, nakula vizuri, hata nimenenepa. Naishi peke yangu kama unavyojua. Joto la huku halina huruma.

Mama, tafadhali Kefa asiiguse tena ile mashine kwa mkono. Sina ugomvi naye. Tatizo ni kwamba kila mtu akija anabonyeza lake, anaondoka, na baada ya mwaka hakuna anayejua mashine ina nini ndani. Nimepata njia nyingine ambayo watu wa Linux wameanza kuijadili, nimeitengenezea programu yangu mwenyewe. Ofisini wananicheka, lakini inafanya kazi.

Ndani ya disketi hii kuna orodha moja. Humo sikuandika "fanya hiki, kisha fanya kile." Nimeandika tu mashine iwe vipi: iwe na programu hizi, watumiaji hawa, herufi za ukubwa huu, printa hii. Violeth akiiweka, mashine inaisoma, inajitazama ilivyo na inavyotakiwa kuwa, kisha inatafuta njia yenyewe. Kinachopungua inaongeza, kilichozidi inaondoa. Kilichoandikwa kipo. Kisichoandikwa hakipo. Basi.

Hata mashine ikiungua kesho, ukiwa na orodha unayo mashine nyingine ileile. Na orodha ni moja kwa zote mbili, hiyo ya kwako na hii ya kwangu huku, zifanane kama pacha. Mkitaka kubadilisha kitu, badilisheni ndani ya orodha, mnirudishie disketi, nami nitaipitisha kwangu. Msibadilishe kwa mkono kitu chochote.

Umri nimeusoma.

Mwanao,
Cornel


Miyuji
25 Aprili 2004

Mwanangu Cornel,

Tumshukuru Mungu tumeiona Pasaka. Kwaya iliimba vizuri, ila mpiga kinanda alikuwa na harusi mbili siku hiyo hiyo akatuacha katikati ya wimbo. Nimekutumia karanga na zabibu kavu, usiwape wote wa ofisini. Kula wewe. Au mle, kama mpo.

Ile orodha yako tuliiweka Jumamosi asubuhi. Mashine ikafikiri muda mrefu, ikawaka safi kama imetoka kuoga. Violeth akafurahi. Akabonyeza kuchapa. Kimya. Printa ya Kefa imefutwa! Kefa akaja mbio, akasema, "Mama Cornel, mwanao ameniondoa!" Nikamwambia pole baba, hukuandikwa. Akasema yeye ameishi Miyuji miaka kumi na moja. Nikamwambia ungeandikwa.

Lakini siku hiyo kulikuwa na watu wanne sebuleni wanasubiri barua za posa. Mmoja hakuweza kungoja, akaandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Wakwe wakamrudisha, wakasema huyu hajajiandaa. Amenuna, hanisalimii kanisani. Violeth ameshaandika printa kwenye orodha kama ulivyoagiza, disketi hii hapa, imefungwa kwenye leso.

Sasa mwanangu, mimi nina darasa la nne, lakini la wakati ule. Nilimwambia Violeth anichapie hiyo orodha nami niisome, kwa sababu ni kitu ulichokiandika wewe. Nimeisoma kwa kidole siku mbili. Mengi ni kama dawa za hospitali. Lakini nikafika penye "watumiaji" nikakuta majina, majina nayajua kusoma. Mstari wa kwanza cornel. Wa pili violeth. Wa tatu mama, nikafurahi. Wa nne frida.

Nimewauliza watu wa nyumba hii kama kuna anayeitwa Frida. Nimeangalia na uvunguni.

Nakuuliza tu kwa sababu wewe ndiye uliyeandika kwamba kilichoandikwa kipo.

Na hapa nina barua ya posa ya akiba, Violeth ameiandaa na maua yote. Jina lako limejazwa. La pili liko wazi.

Mama yako,
Generosa


Dar es Salaam
30 Mei 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na semina. Karanga zimefika, ahsante sana, zimeliwa zote.

Mwambie Kefa pole. Printa sasa imo kwenye orodha, haitafutwa tena hata na mimi.

Hilo jina la mstari wa nne ni la kujaribia tu. Sisi mafundi huwa tunaweka jina lolote kuona kama programu inakubali. Nitaliondoa nikipata nafasi.

Mama, nami nina swali. Nimeipitisha disketi yenu kwenye mashine yangu, asubuhi nikawasha, herufi zikaja kubwa! Nilikuwa nimeandika ukubwa wa kumi na mbili, orodha mliyorudisha inasema kumi na nane. Violeth ana shida gani? Kama ni skrini imefifia niambie nitume nyingine. Nimezirudisha kumi na mbili. Orodha mpya iko kwenye disketi hii, ina nyongeza kidogo, iwekeni tu.

Kuhusu baba mdogo, mwambie mambo yanahitaji mpangilio. Kwanza nimalize kiwanja, kisha nisimamishe hata vyumba viwili, ndipo mengine yafuate. Siwezi kuruka hatua.

Mwanao,
Cornel


Miyuji
4 Julai 2004

Mwanangu Cornel,

Kipupwe kimeingia, upepo unatoka huko Hombolo unagonga madirisha kama mtu anayekuja kudai. Mtama tumevuna kidogo. Violeth amepata mchumba, mwalimu. Barua ya posa aliichapa mwenyewe, akaja kuipokea mwenyewe. Nilimwambia angalau ujifanye umeshangaa.

Herufi usihangaike nazo. Violeth anapenda kubwa, ndiyo tabia yake. Skrini ni nzima.

Sasa hilo jina la kujaribia. Umesema utaliondoa. Orodha mpya imekuja, limo palepale mstari wa nne, halijasogea. Ila chini yake sasa kuna mstari wa tano, na umeandikwa generosa. Nilicheka peke yangu jikoni, nikasema mwanangu ameniheshimu, amenitoa kwenye mama akaniandika kwa jina langu la ubatizo. Kisha nikaona mama bado yuko mstari wa tatu. Sasa mimi niko mara mbili? Violeth akafungua pale pa generosa tuone nimewekewa nini. Kuna picha ya paka ya kupaka rangi. Kuna wimbo wa kuhesabu mpaka kumi. Mwanangu, mimi kuhesabu najua. Mpaka huko kwenye maelfu.

Sikuulizi. Mtu mzima haulizwi. Nimewaza tu kwamba hilo jina la kujaribia limejaribiwa vya kutosha.

Barua ya posa ile ya akiba nimeijaza nafasi iliyokuwa wazi. Nimeandika Frida. Ninachokosa sasa ni jina la baba yake, na wapi Nikodemo ashukie.

Nimepungua kutoka siku hizi, jua ni kali. Usitie neno lolote hapo.

Mama yako (mstari wa tatu),
Generosa


Miyuji
5 Septemba 2004

Cornel mwanangu,

Miezi miwili. Kondakta anasema hukumpa kitu. Nimemwangalia vizuri kuona kama anadanganya, sikuweza kujua.

Kama nilikukera kwa habari ya majina, niambie nimekukera. Kama unaumwa, andika neno moja. Kefa ana simu ya mkononi, alijaribu kukupigia, akasikia sauti ya mwanamke inasema namba haipatikani, nikamwambia mwulize huyo mwanamke anaitwa nani.

Disketi hii hapa. Violeth ameongeza kitu kidogo tu.

Mama


Dar es Salaam
10 Oktoba 2004

Mama yangu,

Shikamoo. Siumwi. Hukunikera. Nilikuwa naanza barua nachana.

Jana nimepitisha disketi yenu. Mashine ikawaka, Mama, kila herufi kama kiganja! Neno moja linajaza skrini. Nikatafuta kosa kwenye orodha saa nzima, hakuna kosa, mmeandika thelathini na sita kwa makusudi. Nikasema huyu Violeth ana wazimu. Frida akaja na mtoto mgongoni, akatazama, akasema, "Violeth hana wazimu. Anayetumia mashine hii haoni."

Nimeandika kwa kalamu, siwezi kufuta. Sasa basi.

Frida yupo. Tuko pamoja miaka mitatu. Kwao ni Kibaigwa, hapo hapo njiani kuja Dodoma, Mama, kila ninapopita na basi nafumba macho. Baba yake ni mzee Ebenezer, dalali wa mahindi sokoni, ukiuliza kwenye mizani wote wanamjua. Mtoto alizaliwa Novemba mwaka jana. Nikamwita Generosa. Nilimwekea sehemu yake kwenye mashine hii ya kwangu achezee akikua kidogo, nikasahau kwamba orodha ni moja. Mimi ndiye niliyewaambia ni moja, nikasahau mimi.

Sikutaka ujue hivi. Nilitaka kwanza nijenge, kisha nipeleke posa, kisha ndoa, kisha nikuletee mjukuu kwa utaratibu. Kiwanja kikachelewa. Mtoto hakuchelewa. Baada ya hapo kila hatua ikawa inasubiri nyingine, na kila nilipokaa kukuandikia nikaona aibu imeongezeka kuliko mara ya kwanza.

Niambie ukweli kuhusu macho.

Cornel


Miyuji
7 Novemba 2004

Cornel mwanangu,

Barua yako amenisomea Violeth. Sasa unajua.

Nilimwambia airudie tangu mwanzo. Kisha nikamtukana baba yako marehemu kidogo, kwa sababu alikuwa hivyo hivyo. Alipopunguzwa kazi kwenye shirika alitoka nyumbani kila asubuhi na begi lake miezi minne, nami namfungia chakula. Kisha nikalia. Kisha nikaenda kumwambia Nikodemo. Akasema, "Miaka mitatu! Na hapo Kibaigwa!" Kilichomuuma zaidi ni ukaribu. Anasema kama ingekuwa Bukoba angeelewa.

Macho ni hivi. Ni mtoto wa jicho. La kushoto lilifungwa kabisa mwezi wa pili, kabla sijakuandikia habari za kalamu. La kulia lina ukungu, linazidi. Daktari alisema tangu Machi nipasuliwe, yote mawili, kwanza la kushoto. Nikakataa. Violeth amenisihi mpaka ameacha kunisihi. Sikuogopa kisu. Niliogopa daktari akikosea, nami sijamwona mke wa mwanangu. Hilo la kulia nililibakiza kwa ajili yake, yeyote atakayekuwa. Ndiyo maana nikawa naulizauliza umri.

Na sasa nisikilize, wewe mwenye akili za mashine. Umekaa unaniandikia kwanza kiwanja, kisha vyumba, kisha posa, kisha ndoa. Si wewe uliyesema tusiandike hatua? Uliniandikia kwa mkono wako: andika iwe vipi, njia itafutwe. Kompyuta umeifundisha, wewe mwenyewe hukuingia darasani!

Basi nimekaa kwenye mashine, nimebonyeza mwenyewe herufi moja moja, kwa hizo herufi kubwa zilizokuudhi. Violeth alitaka kunisahihisha nikamfukuza. Hii ndiyo orodha. Ni ya nyumba ya Miyuji, tarehe 18 Desemba, Jumamosi:

cornel: yupo
frida: yupo
generosa mdogo: yupo, amekaa kwenye mkeka wangu, si mgongoni
barua ya posa: imefika kwa mzee ebenezer, imepelekwa na nikodemo
faini ya kutangulia kuzaa: imekubaliwa, bila kelele
mama: amewaona
jicho la kushoto: limepasuliwa, baada ya kuwaona
aibu: haipo
kefa: hayupo, angalau siku hiyo

Namna ya kufanya sikuandika. Uliniambia si kazi ya mwenye orodha.

Mama yako,
Generosa


Dar es Salaam
28 Novemba 2004

Mama,

Shikamoo. Orodha imesomwa. Tunaondoka Ijumaa tarehe 17, basi la asubuhi. Kibaigwa sitafumba macho.

Frida anauliza kama unapenda khanga za rangi gani. Nimemwambia nyekundu, utaiona vizuri zaidi. Akanikemea.

Cornel


Miyuji
23 Januari 2005

Mwanangu Cornel, na mkwe wangu Frida,

Marahaba kwenu wote wawili, na huyo mdogo mpigeni busu. Tangu muondoke nyumba imekuwa kubwa. Mvua imeshika kweli mwaka huu, njia ya kwa Kefa imekatika, naye anaizunguka anakuja hivyohivyo.

Naanza na Kefa kwa sababu dhambi ni yangu. Nilimwandika hayupo, kumbe siku ile gari lilipokosekana ni yeye aliyembeba Nikodemo na barua mpaka Kibaigwa kwenye pikipiki. Nikodemo anasema alisali njia nzima, na yeye si mtu wa kusali. Huo mstari naomba uubadilishe. Kefa yupo. Inatosha, usiongeze kitu.

Barua ya posa ilikwenda na kosa langu. Violeth barua za watu huzipunguza herufi kabla ya kuzichapa. Hii sikutaka aiguse, niliichapa mwenyewe, ikatoka thelathini na sita, kurasa saba! Nikodemo aliona aibu kuitoa mfukoni, ilikuwa imevimba kama mkate. Lakini mzee Ebenezer akaipokea, akasogea mlangoni penye mwanga, akaisoma yote bila miwani na bila kumwita mtoto amsomee. Akasema, "Hawa ni watu wanaojua kumwandikia mtu mzima." Faini hakuongeza. Sasa Violeth ana wateja wanne wanaotaka barua zao ziwe kubwa hivyo, anaona wamerogwa.

Jicho la kushoto lilifunguliwa wiki iliyopita. Nilikuwa nimewaona mkija, kwa lile la kulia, kama watu waliosimama nyuma ya neti. Ilinitosha. Niliingia kwa daktari nikiwa sina deni na mtu. Walipotoa bandeji kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono ya Violeth, imekuwa ya mtu mzima, sijui lini. Cha pili ni buibui wa darini, na Violeth miaka miwili ananiambia nyumba ni safi. Kisha nikaomba ile picha mliyopiga uwanjani Jumapili. Nikaitazama mpaka muuguzi akaniambia mama, jicho lipumzike.

Frida, una uso mzuri, nilikuwa nimekadiria vibaya, nilikupunja. Cornel umeota mvi. Huyo mtoto hafanani na mimi hata kidogo, ni Ebenezer mtupu, hata mdomo wa kukataa bei. Jina msibadilishe.

La kulia ni mwezi wa tatu. Frida amesema atakuja kunishika mkono, sikumwomba.

Cornel, herufi zirudishe kumi na mbili. Ila kwenye watumiaji, mstari wa nne na wa tano, usifute wala usisogeze kitu bila kuniuliza. Nimeichapa orodha, nimeibandika ukutani jikoni, na sasa naisoma mwenyewe, bila kidole.

Mama yenu,
Generosa